Stambuli katika Nchi ya Makofi

Jumamosi ile Stambuli Mzeru alirudi kutoka karakanani jua likiwa la utosi, akavua viatu mlangoni, akajitupa mkekani kama mtu aliyetoka kuzika. Mkewe, Asumini, alimwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Akamwuliza kama amegombana na mtu. Akasema hajagombana. "Basi inuka ule, wali unapoa," mkewe akasema, na Stambuli akageukia ukutani. Ninyi msiomjua mtu huyu hamwezi kuelewa jambo hilo lilivyokuwa zito, maana akitoka kwenye mikutano yake huanza kusimulia tangu yuko barabarani, na majirani hulazimika kusikiliza watake wasitake.

Stambuli ni kinyozi pale Morogoro, tena kinyozi hodari, lakini mapenzi yake yote yako kwenye mitambo. Cheti cha ufundi hana hata kimoja. Ana macho, ana masikio, na ana miguu isiyochoka. Wahandisi wakikutana, yupo. Wafuga nyuki wakionyeshana mizani inayotuma ujumbe wa simu mzinga ukijaa, yupo. Wapenda redio walipopandisha antena mlimani, nguzo aliibeba yeye. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hufunga saluni, wateja wabaki na nywele zao, akaenda kuketi mstari wa mbele Karakana ya Wabunifu, beji shingoni. Beji za wenzake zimeandikwa mhandisi, fundi, mwalimu. Yake imeandikwa mpenzi. Jamani, alivyokuwa akiipenda beji ile!

Siku hiyo mwonyeshaji alikuwa Leokadia Mkude, binti aliyetengeneza kitanda cha joto cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia. Stambuli alimpenda binti huyo kama mwanawe. Muuguzi wa kituo cha afya, Sista Gaudensia, alikuwepo, na alisema wazi kwamba wodini kwake kuna kitoto cha kike cha kilo moja na robo, na kitanda kikikubaliwa atakilaza humo siku hiyo hiyo saa kumi. Onyesho likaenda vizuri, kioo kikionyesha nyuzi thelathini na sita na nusu. Ndipo kalamu ya Stambuli ikadondoka. Akainama kuiokota, na chini ya meza akauona waya wa kipima joto umechomoka, unaning'inia hewani. Akainua kichwa haraka kutazama kioo. Thelathini na sita na nusu, vilevile. Mashine ilikuwa ikirudia namba ya zamani. Hita ingeendelea kupika godoro, na kioo kingeendelea kusema mambo shwari.

Sasa, karakana ile ina desturi yake. Kifaa hakitoki nje mpaka mwenyekiti aulize mara tatu, "Kasoro?" Watu wakinyamaza mara zote tatu, hupigiwa makofi, kimepita. Mwenyekiti akauliza mara ya kwanza, Stambuli akameza mate. Akauliza ya pili, Stambuli akanyanyuka nusu, kisha akakumbuka kongamano la mwaka jana, alipouliza swali lake na mtu akapaza sauti, "Mzee wa kunyoa, kaa chini, waachie wataalamu," na ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti akauliza ya tatu. Stambuli akamtazama Leokadia, uso umemng'aa, na mama yake amevaa kitenge kipya. Labda wahandisi wameshaiona, akajiambia. Labda nimeona vibaya mimi. Akapiga makofi pamoja na wengine, akaondoka bila kumuaga mtu.

Ndiyo hayo yaliyokuwa yakimtafuna pale mkekani, mpaka usingizi ukamchukua bila hiari yake. Na katika usingizi ule alijiona amesimama mbele ya lango la nchi asiyoijua, nchi pana isiyo na mti wala kivuli, na hewa yake yote imejaa mshindo wa makofi, hayakomi, hayapungui, hujui yanatoka upande gani. Langoni alimlaki mwanamke mnene mwenye sauti tamu, anameremeta tangu kilemba mpaka viatu. "Karibu, mpenzi wetu," akamwambia. "Mimi naitwa Sifa. Hapa hakuna anayeulizwa cheti. Wewe piga tu, utapendwa." Akamvika beji ya dhahabu, na Stambuli, masikini, akafurahi. Akamvika ya pili, ya tatu, ya nne, shingo ikaanza kuuma. Alipotaka kusema imetosha, alihisi neno halienei mdomoni. Akajipapasa. Ulikuwa umepungua, umekuwa mdogo kama wa kichanga.

Hofu ikamwingia hapo. Akawatazama vizuri wenyeji waliokuwa wakipita, na laiti asingewatazama. Mikono yao ilikuwa mipana kama ungo, viganja vimechunika, na usoni, mahali pa mdomo, kila mmoja alikuwa na kitundu kisichozidi punje ya dengu. Macho yao yalikuwa mazima, tena yanaona kila kitu, na yalikuwa yakimsihi. Stambuli akataka kukimbia, miguu ikawa mizito. Mkono ukamshika begani. Alikuwa mama mmoja mkavu, miwani imefungwa kwa uzi, vidole vimejaa makovu ya risasi ya kuchomelea waya. "Usipige kelele, hutaweza," akasema. "Unanijua. Mimi ni Udadisi. Ndiye niliyekutoa nyumbani Jumamosi zote hizo, na ndiye niliyekuinamisha leo chini ya meza. Nifuate, ukaone mwisho wa ulichokiona."

Wakaenda njia iliyoteremka, na mbele yao akasimama bwana mrefu kuliko mlingoti, amevaa suti nyeusi, uso wake haufikiki kwa macho. Sauti ilishuka kutoka juu. "Una cheti gani? Nani amekuita? Wewe ni nani, hata uone wasichokiona wenye elimu?" Kila swali lilimpunguza Stambuli kimo, mpaka akawa anayatazama magoti ya yule bwana. Udadisi akamvuta. "Huyu ni Haya," akasema. "Anafaa mtu asitembee uchi. Lakini ukimwachia mlango autunze yeye, hatoki mtu, haingii mtu. Pita katikati ya miguu yake, usimjibu." Stambuli akapita akitambaa, na maswali yakiendelea kummiminikia mgongoni.

Chini kabisa palikuwa na wodi. Ilikuwa ndefu, haina mwisho, na pande zote vitanda vya joto vimepangwa, kila kimoja na kioo chake, na kila kioo kimeandika thelathini na sita na nusu. Hapakuwa na kilio. Wodi ya watoto, na hapakuwa na kilio hata kimoja! Stambuli aliomba warudi, Udadisi akatikisa kichwa. Akasogea kitanda cha kwanza. Kitoto cha kike kililala humo, kidogo kuliko kiatu chake, kimefungwa kitambaa cheupe. Akanyoosha kidole akakigusa paji la uso, akakirudisha kidole upesi. Lilikuwa la moto kama kifuniko cha sufuria. Akatazama kioo: thelathini na sita na nusu. Akakimbilia kitanda cha pili, cha tatu, cha kumi, na watoto wote ni wa moto, wote kimya, na vioo vyote vinasema uongo uleule kwa utulivu uleule. Chini ya kila kitanda waya ulikuwa ukining'inia.

Na hapo sauti ikauliza kutoka darini, "Kasoro?" Stambuli akapanua mdomo, haukupanuka. Ukatoka mluzi mwembamba, basi. "Kasoro?" Akamgeukia Udadisi, akimwonyesha kwa mikono: sema wewe! Mama yule akavua miwani, akasema polepole, "Mimi mwisho wangu ni hapa. Kazi yangu ni kuinama na kuona. Watu wengi wamenipenda, wakadhani kunipenda mimi kumetosha. Ya kusema si yangu. Mwite mwenzangu." Stambuli akatazama huku na huku kumtafuta huyo mwenzake, akitaraji shujaa wa kifua kipana. Kwenye kona alimwona mtu mfupi, amechutama, meno yanagongana, magoti yanatetemeka kuliko ya Stambuli mwenyewe. "Ndiye Ujasiri huyo," Udadisi akasema.

Lahaula! Stambuli alikata tamaa kabisa. Lakini yule mfupi akasimama, akamjia akipepesuka, akamshika mkono kwa kiganja chenye baridi na jasho. "Umenisubiri hofu iniishe kwanza," akamwambia, sauti ikikatika. "Haiishi. Tangu nizaliwe sijapata siku ya kutoogopa. Mimi huenda hivihivi. Vua beji hizo, zinanikaba na mimi." Stambuli akazivuta, zikakwama, zikamchana shingo. Makofi yakaongezeka, wenyeji wakamwagika wodini kwa maelfu, mikono yao mipana inapiga juu ya vitanda, na katikati ya kishindo hicho kile kitoto cha kwanza kikafumbua macho, kikamtazama yeye tu. Sauti ikauliza mara ya tatu. Stambuli akakata beji kwa meno, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akapiga ukelele.

"Mume wangu! Una nini?" Asumini alikuwa amemshika mabega, anamtikisa. Mwanga wa alasiri ulikuwa mkali dirishani. "Saa ngapi?" Stambuli akauliza. Saa kumi kasoro robo. Akampigia simu Leokadia, haikupokelewa. Akapiga tena, hivyo hivyo. Akatoka mbio bila viatu, akadaka pikipiki ya kwanza aliyoiona, na njia nzima mwili unamtetemeka hata dereva akamwuliza kama ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa akiogopa, tena zaidi ya asubuhi, na ndipo ilipomwingia akilini: asubuhi yote alikaa akingoja hofu itoke ili aseme, na hofu haikuwa na haja ya kutoka. Angeweza kusema nayo. Mpenzi au mhandisi, macho yaliyouona ule waya yalikuwa yake, na hapakuwa na mwingine wa kumwachia.

Alifika wodini kitanda kimeshawashwa. Sista Gaudensia, Leokadia na mama wa mtoto wakiwa kando yake, amekipakata kitoto, anainama kukilaza. "Msikilaze!" Stambuli akapayuka, sauti ikamtoka nyembamba, ya aibu. "Waya. Waya wa kipima joto ukichomoka, namba haibadiliki. Niliona." Wote wakamgeukia. Leokadia alikunja uso kwa hasira, akasema haiwezekani, amekijaribu kitanda mara mia. Lakini ni fundi wa kweli yule binti. Akapitisha mkono chini, akachomoa mwenyewe waya aliokuwa ameuchomeka upya alipokiwasha, akaweka kiganja juu ya godoro, akatulia. Kioo kikasema thelathini na sita na nusu. Muda ukapita. Kioo kikasema thelathini na sita na nusu. Leokadia akatoa mkono ghafla, akautazama ulivyoiva mwekundu katikati. "Yesu na Maria," akasema, akazima swichi.

Sista Gaudensia alimrudishia mama mtoto wake, akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, akawafunika kanga. Leokadia aliketi sakafuni kando ya kitanda chake cha joto, ameinama. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Baba Stambuli, asubuhi ulikuwa umekaa mbele yangu kabisa. Uliiona palepale?"

"Niliiona palepale, mwanangu."

"Ukapiga makofi."

"Nikapiga."

Stambuli alitamani binti amtukane, amfukuze, amfanye lolote. Leokadia alimtazama tu, kisha akageuka kufungua skrubu. Nyuma yao mama wa mtoto, ambaye mambo ya waya hakuyaelewa hata kidogo, alinyoosha mikono akamshika Stambuli mkono kwa viganja viwili, akamwambia, "Mungu akubariki, baba, umemwokoa mwanangu." Stambuli aliitikia amina, na hakuthubutu kumtazama usoni.