Kifaa cha Moto cha Wabwile

Shemeji yangu Wabwile aliendesha mashine ya kukausha mahindi ya Inderjit, pale Kanduyi, kwa masikio. Moto wa dizeli ukiwa sawa hunguruma ndani ya tanuri. Ukizimika, mngurumo hukatika, naye hufunga dizeli mara moja. Akichelewa, dizeli inaendelea kumwagikia matofali ya moto, inageuka mvuke, kisha inalipuka. Mwaka wa 1996 alichelewa. Nyusi ziliota tena, lakini masikio hayakurudi.

Mavuno ya mwaka uliofuata yalipoanza, Inderjit alisema atamngoja Wabwile apate njia ya kujua moto ukizimika hadi Ijumaa, kisha atamweka mtu anayesikia. Si mtu mbaya. Mahindi yalikuwa yanaanza kuota ndani ya magunia. Dada yangu Rispah, mkewe Wabwile, akanipigia simu Kitale.

"Wewe ulisomea stima," akasema. "Mtengenezee kitu cha kusoma."

"Nilisomea elektroniki."

"Si ni hiyo hiyo."

Nina diploma, na nyumbani kwangu Kibomet natengeneza redio na televisheni. Nilikuwa na chipu moja ya zile zinazoandikiwa programu, yenye miguu arobaini na kidirisha cha kioo mgongoni. Nikaiunganisha na jicho la kuona moto, dogo kama punje ya mahindi, na kioo cha maandishi cha mistari miwili. Programu niliiandika kwenye kompyuta ya chuo nilikosomea. Haikuwa ndefu. Jicho likiona moto, kioo kiandike MOTO UPO. Lisipoona kitu kwa sekunde mbili, kiandike UMEZIMIKA. Sekunde mbili niliziweka kwa sababu mwali hucheza, na sikutaka kioo kipayuke kila upepo ukipita.

Nilikijaribu jikoni kwa koroboi. Nikiwasha, upo. Nikipuliza, umezimika. Watoto nao walipuliza mpaka nikawafukuza.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Kanduyi.

"Shemeji, umeniletea redio?" Wabwile akauliza. Tangu ule mlipuko anaongea kwa sauti kubwa, kana kwamba viziwi ni sisi.

Nikalielekeza jicho kwenye mwali wa tanuri, kisha nikamgeukia ili asome midomo yangu. "Funga dizeli tuone."

Akafunga. Moshi ukakatika kwenye dohani. Tukangoja. MOTO UPO, kioo kikasema. Tukangoja tena. MOTO UPO. Wabwile akachungulia kwenye tundu la tanuri, akarudi akinitazama.

"Huyu anadanganya kunishinda mimi."

Nikachungulia mwenyewe. Mwali haukuwepo, lakini matofali yalikuwa mekundu kama nyanya. Hapo nikaona kosa langu. Koroboi haina matofali. Ukiipuliza, giza. Jicho langu lilikuwa halijui tofauti ya moto na tofali lililopata moto.

"Si ubadilishe tu hiyo programu, Mama Peris," Inderjit aliyekuwa amesimama nyuma yetu akaniambia.

"Chipu hii inafutwa kwa kuanikwa. Kidirisha kinatazama jua kali, wiki nzima."

Inderjit akatazama mawingu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumatatu. "Wiki sina. Atumie hivyo hivyo, awe anachungulia."

"Nani apakue mahindi akichungulia? Na siku asipochungulia?"

"Basi kesho naleta mtu mwingine. Si kwa ubaya."

"Sijasema ni ubaya."

Tukaenda kwa Rispah, hatua chache kutoka hapo. Alikuwa ameinjika chai kwenye jiko la makaa. Nikakielekeza kifaa kwenye makaa: MOTO UPO, na mwali hakuna. Rispah akatupa maganda mawili ya mahindi, yakawaka, mwali ukaanza kurukaruka. Makaa yenyewe yalikaa tu, mekundu, hayatikisiki.

Basi nilichohitaji ni kitu cha kuzuia kinachokaa na kupitisha kinachocheza. Hiyo ni kazi ya kapasita, na programu haiguswi.

"Redio yenu iko wapi?"

"Iko sawa," Rispah akasema.

"Ndiyo maana naitaka."

"Chukua," Wabwile akasema. "Mimi siisikii."

"Na mimi je?"

"Wewe una mimi."

"Wewe unasikika mpaka Webuye," Rispah akamwambia, lakini akaileta.

Nikang'oa kapasita moja, nikaichomea kwa risasi ya kulehemu kati ya jicho na chipu. Makaa matupu: UMEZIMIKA. Maganda: MOTO UPO. Rispah akarudia mara tatu, chai ikachemka ikamwagika.

Alasiri tukawasha tanuri mpaka matofali yakawa mekundu. Wabwile hakutaka kufunga dizeli mwenyewe. Alinituma mimi kwenye koki, akasimama mbele ya kioo, akanipa mgongo.

"Funga ukitaka," akasema. "Usiniambie."

Nikafunga. Sijafika tatu kuhesabu, akapaza sauti, "Umezimika!"

Tukaacha feni ipulize tanuri, tukawasha upya. Mara ya pili nilikawia makusudi. Akaipata. Ya tatu, ya nne, akaipata. Inderjit alikuwa ameshika mwavuli pembeni, na vijana wa magunia wakimtazama yeye.

Wabwile akageuka. "Tena."

"Tena ya nini?" nikamwambia. "Unamaliza dizeli ya watu."

Akanitazama mdomo, akaelewa, akacheka. Inderjit akaitikia kwa kichwa. Kisha akavaa glavu, akawapigia kelele vijana walete gunia la kwanza.