Nyumbu wa Alvah

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1986, saa nne kasorobo asubuhi, upepo mkavu wa kusini ulikuwa ukitimua vumbi juu ya Mto Platte. Nilisimama penye jiwe la kumbukumbu, nimechoka kabla ya kazi kuanza. Tangu serikali inikabidhi ulinzi wa hifadhi hii ya kivuko, kila Agosti mzee Alvah Rundquist huvusha gari la turubai linalokokotwa na nyumbu, chotara wa punda na farasi, pale pale walipovukia zamani wahamiaji wa kwenda magharibi mwa Marekani, na watu hufurika kutazama.

Kivuko kina sheria mbili, na Alvah ndiye aliyenifundisha: wanyama hunyweshwa kabla ya kuingia mtoni, na gari halisimami. Mnyama mwenye kiu husimama katikati anywe. Gari likisimama, mchanga wa Platte huyameza magurudumu.

Mwaka huu alikuwa amewapakia vitukuu wake wawili. Niliwatazama nyumbu: midomo mikavu, shingo zimenyooka kuelekea mtoni.

“Mzee Alvah, umewanywesha?”

“Unaniuliza mimi? Leland, nimewanywesha nyumbu tangu hujajua hata kufunga viatu!”

Nilikwenda kwenye hori la kunyweshea wanyama. Maji yalikuwa pomoni, vumbi limetanda juu yake bila kuguswa.

“Hori limejaa, mzee.”

Alilitazama. “Basi nimesahau. Wanyweshe, twende.”

“Nitawanywesha. Lakini leo hushiki hatamu. Aliyesahau la kwanza atasahau la pili.”

“Mwache babu aendeshe!” mwanamke alipiga kelele kutoka ukingoni. “Kofia ya serikali imemlewesha huyo!”

Watu wakacheka. Alvah hakucheka. Aliinama kutoka kitini, akashusha sauti.

“Nilikutoa chini ya barafu ya mto huu huu, Leland. Sijakudai hata kikombe cha kahawa. Leo nadai. Mwakani sitakuwa na nguvu; niache nivuke.”

Nilikuwa hai kwa sababu yake, naye alijua kwamba najua. Niliwashusha watoto mmoja mmoja, nikawafungua nyumbu, nikawaongoza horini. Walikunywa muda mrefu mno.

Alvah alishuka peke yake, akiukataa mkono wangu.

“Kwa hiyo hunilipi.”

“Deni nalikiri, mzee, na nitakufa nikidaiwa. Lakini kwa hili, silipi.”