Vidole vya Gredi ya Nne

Kila siku baada ya chakula cha mchana, moshi wa nyama choma ukiingia dirishani kutoka upande wa Soko la Burma, Mwalimu Kavindu aliwaambia watoto wa Gredi ya Nne waweke kidole mdomoni. Walikaa hivyo mpaka darasa likatulia, akawaambia washushe, na somo likaanza. Jumanne moja ilibidi atoe amri hiyo tena katikati ya somo, na alipowaambia washushe, vidole havikushuka.

Somo lilikuwa haki na wajibu wa raia mwema. Kavindu alikuwa amepiga mstari katikati ya ubao, haki upande huu, wajibu upande ule, akawaeleza kwamba kila haki ina mtu mwenye wajibu wa kuitimiza. Watoto walitaja haki ya kusoma, haki ya kula, haki ya kucheza. Mbithi alitaja haki ya kuangalia mpira hadi mwisho bila kutumwa dukani, wenzake wakacheka. Kisha Awuor, aliyeketi dawati la mbele, akasimama.

"Ticha," alisema, "kama choo safi ni haki yetu, ni wajibu wa nani kutufungulia vile vyoo vipya?"

Darasa zima lilianza kuongea kwa pamoja. Vyoo vipya vilikuwa ng'ambo ya uwanja, vimepakwa rangi ya samawati, mlangoni kufuli. Wazazi walivijenga kwa mikono yao, Jumamosi baada ya Jumamosi, na siku vilipomalizika Mwalimu Mkuu, Bwana Sylvance, alivifunga ili wageni wa shule wavikute safi. Ufunguo alikaa nao katika mfuko wa koti lake. Watoto waliendelea na vyoo vya zamani, ambavyo milango yake iling'oka kabla wao hawajaanza shule. Wasichana walienda wawiliwawili: mmoja akiingia, mwenzake alisimama pale ametandaza sweta kwa mikono yote miwili kama pazia.

Kavindu alilijua jibu la Awuor. Alijua pia kwamba dirisha la ofisi ya Mwalimu Mkuu lilikuwa wazi, na kwamba bodi ya shule ilimwajiri kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Akasema, "Kidole mdomoni."

Walitii. Baada ya kitambo akawaambia washushe, nao wakajaribu. Mbithi alivuta kwa mkono wa kushoto mpaka mdomo ukatoka damu, na Kavindu akamwambia aache. Kwa kuwa kipindi kilikuwa hakijaisha, aliwaambia wafungue vitabu wasome kimya.

Jioni wazazi waliwachukua watoto wao langoni jinsi walivyokuwa. Muuguzi wa kliniki ya mtaani aliwapa mafuta ya kujipaka, akasema yasiposaidia wayatumie kwa magoti. Akina mama walijua haraka namna ya kuwalisha: uji kwa mrija uliopitishwa pembeni mwa mdomo, githeri punje mojamoja, chapati iliyochanwa vipande vyembamba. Mutunga, babake Mbithi, ambaye ni dereva wa lori, alimpita Kavindu barabarani akapunguza mwendo ili amshukuru.

"Madam, wewe ni noma," alisema. "Jana nimeona mpira mpaka refa akapuliza. Sasa huyu dadake wa Gredi ya Sita, hamwezi mkamweka kidole yeye pia?"

Darasani, waliokuwa wakiandika kwa mkono wa kulia walijifunza kutumia wa kushoto. Herufi zao zililala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo, lakini zilisomeka. Mwalimu Mkuu aliwasifu kwenye gwaride mbele ya shule nzima, na walimu wa madarasa mengine wakaja mmojammoja kusimama dirishani kuona utulivu ulivyo.

Tabu ilikuwa chooni. Sweta haitandazwi kwa mkono mmoja. Ilibidi wasichana wawili washike, kila mmoja upande wake, ili wa tatu aingie, na huyo wa tatu naye alikuwa na mkono mmoja tu wa kujisaidia. Mapumziko yalikuwa mafupi. Kavindu alianza kwenda nao ili awashikie sweta mwenyewe, uso ameugeuzia ukutani, lakini foleni ilikuwa ndefu na kengele ililia wengi hawajaingia. Awuor hakuingia hata alipofikiwa na zamu yake. Alimwonea mwalimu wake haya, akarudi darasani. Kisha akaacha kunywa maji.

Mamake, Aoko, huosha matumbo katika bucha moja pale Burma. Alikuja shuleni na gambuti zake, akasimama nje ya mlango wa darasa ili asichafue sakafu. Hakuja kulalamikia kidole. Alisema kidole wamekizoea, na kwamba hata kanisani watu wameacha kuuliza.

"Shida ni hii ingine," alisema. "Kule kliniki wameniambia mtoto anazuia mkojo. Anakojoa akilia, Mwalimu, na hicho kilio hakitoki. Mimi naona machozi tu. Wewe ndiye ticha wake. Ongea na huyo mzee afungue."

Kavindu alisema ataongea naye. Alisema hivyo mara mbili, na Aoko akamwambia asante, mwanangu, akarudi kazini.

Alienda ofisini saa ile ile. Aliyapanga maneno njiani: kwanza salamu, kisha habari za wazazi kwa jumla, kisha vyoo. Alipoingia na kutoa salamu, mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe na kidole kikakaa mdomoni. Bwana Sylvance aliinua macho kutoka kwenye gazeti, akamsubiri kwa adabu. Baada ya muda alimwambia kwamba anafurahi kupata mwalimu kijana anayejua kusikiliza, maana vijana wa siku hizi ni maneno tu, na kwamba mambo ya mkataba wake yataangaliwa vizuri. Kavindu alipotoka nje ya mlango, mkono ukashuka. Kesho yake alienda tena na mambo yakawa vile vile. Mara ya tatu alifika mlangoni tu, akahisi bega likianza kunyanyuka, akapita kama aliyekuwa akielekea stoo.

Ijumaa iliyofuata alikuja mgeni, mama mmoja kutoka ofisi ya elimu, kuona jinsi shule inavyowafundisha watoto haki zao. Gredi ya Nne walikuwa wameandaliwa kukariri shairi kuhusu haki ya mtoto kusikizwa. Kwa kuwa hawakuweza, Mwalimu Mkuu alilikariri yeye mwenyewe, beti zote, akianza na "Mimi ni mtoto mdogo," huku watoto wamesimama nyuma yake kwa mistari iliyonyooka. Mgeni alipiga makofi. Kisha akawauliza ni nani angeweza kumtajia haki moja ya mtoto, na mikono yote ya kushoto ikainuka. Aliitazama mikono ile kwa furaha.

"Na wanajua kungoja zamu," alisema.

Walipigwa picha. Baada ya picha mgeni aliuliza kwa sauti ya chini pa kujisaidia, na Bwana Sylvance akamwongoza mwenyewe ng'ambo ya uwanja, akatoa ufunguo na kufungua. Mgeni alipotoka alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa na kusifu vigae. Alisema shule nyingi alizotembelea hazikuwa na vyoo kama hivyo. Mwalimu Mkuu alimshukuru kwa niaba ya watoto, akafunga kufuli, akarudisha ufunguo mfukoni.

Awuor alitoka mstarini. Alivuka uwanja polepole, magoti yamekaribiana, akasimama mbele ya mlango wa samawati na kuishika kufuli kwa mkono wake wa kushoto. Hakuigonga wala kuivuta. Aliishika tu. Mwalimu Mkuu alimtabasamia mgeni, kisha akamwambia Kavindu amrudishe mtoto mahali pake.

Kavindu alienda. Alipomfikia Awuor aliona soksi yake moja imeanza kulowa. Akageuka kumwelekea Mwalimu Mkuu, na mkono wake ukapanda, na kidole kikashika mdomo. Wakasimama hivyo wawili hao mbele ya choo, mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja na kidole chake, na mgeni akawaambia wasiondoke, akitafuta simu yake ili awapige picha nyingine.

Kavindu alikishika kidole kwa mkono wa kushoto akavuta. Iliuma kama alivyokuwa amedhani ingeuma. Ngozi ya mdomo ilibanduka, nyingine ikabaki kwenye kidole, na damu ikateremka kidevuni mpaka kwenye kola ya blauzi yake.

Kufuli haikufunguliwa tena siku ile, na hata sasa haijafunguliwa, isipokuwa wageni wanapokuja. Gredi ya Nne wamekuwa Gredi ya Tano, na hati yao ya mkono wa kushoto imenyooka. Mwalimu wao mpya huwasifu kwa utulivu. Muhula ule ulipokwisha, bodi haikumpa Kavindu mkataba mwingine, na siku hizi anafundisha katika shule ndogo ya watu binafsi huko Donholm, ana alama nyeupe kwenye mdomo wa chini.

Lakini siku ile pale uwanjani, darasa zima likitazama, aliinama kwanza hadi uso wake ukawa sawa na wa Awuor.

"Uliniuliza ni wajibu wa nani," alisema. "Ni wajibu wake yeye." Akamwonyesha Mwalimu Mkuu kwa kidole kile kile chenye damu. "Na wangu ulikuwa kumwambia. Mwalimu Mkuu, fungua mlango. Mtoto anataka kukojoa."