Wastani wa Mzee Odera

Katika chama chetu cha Wakenya wa Nsambya, hapa Uganda, matokeo ya mtihani husomwa kwa sauti. Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada, tunakaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa. Mzazi anasimama na karatasi ya mwanawe, mwenyekiti Mzee Odera anaipokea, anavaa miwani, anatoa kalamu, kisha anatutangazia mtoto huyo atakuwa nani duniani. Soda hazifunguliwi mpaka amalize.

Mzee Odera anauza mabati. Zamani sana aliwahi kuwa karani wa shule moja ya sekondari kwao, miaka miwili tu, na miaka hiyo miwili ameitafuna kwa miaka ishirini bila kuimeza. Ukimsikia anavyotamka "elimu", utadhani ni shamba aliloachiwa na babake.

Siku hiyo mimi nilikuwa mtu mzima wa kwanza kusimama na karatasi yangu mwenyewe.

"Mama Nerima, hii ni ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Yako wewe? Ulifanya kidato cha sita wapi na huyo mtoto mgongoni?"

"Darasa la jioni, Bukoto."

"Aaa, la jioni!" Akawageukia wenzake. "La walinzi na wauza chapati."

Wakacheka. Awiti, katibu wetu, alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Mume wangu Masinde aliangalia viatu vyake. Hiyo ndiyo kazi anayoiweza sana Masinde mbele ya wakubwa: kuangalia viatu.

Ni kweli, wenzangu darasani walikuwa walinzi na wauza chapati. Na maabara hatukuwa nayo. Kwa mtihani wa vitendo wa bayolojia nilinunua vyura kwa vijana wa Bwaise, ambako mvua ikinyesha mitaro hufurika na vyura hujaa mpaka mlangoni. Nikawapasua mmoja baada ya mwingine jikoni kwangu, kwenye sinia, Nerima akiwa amelala karibu yangu. Mzee Odera alipopata habari hiyo aliacha kula nyumbani kwetu. Sikuwahi kupata faida kubwa hivyo kutoka kwa chura.

"Haya. Bayolojia B. Kemia B. Fizikia C. Jenero pepa, hiyo ya maarifa ya jumla, pasi moja. Na unataka kusomea nini?"

"Udaktari wa meno."

Akaishusha miwani puani. Akaandika nyuma ya ajenda ya mkutano: tisa, tisa, sita, moja. Akajumlisha, akagawa kwa nne, akapiga mstari chini kama mtu anayefunga jeneza.

"Sita nukta mbili tano. Wastani wako ni C. C kavu! Mama Nerima, kwa C huko kwetu hata mbwa wa polisi haajiriwi. Na hiyo C ya fizikia utamng'oa nani jino? Mwanangu Travis ana A minus. A minus ya Kenya! Huyo ndiye mtu wa meno. Wewe tafuta ualimu wa chekechea, watoto unawapenda. Fungueni soda."

Hakuna aliyemuuliza hesabu hiyo ameitoa wapi. Katika chama chetu, mtu akigawa kwa sauti kubwa, jibu linakuwa sahihi.

Nyumbani nilimwambia Masinde kwamba fomu za chuo zinafungwa Ijumaa.

"Lakini Mzee amepiga hesabu," akasema.

"Hesabu ya wapi?"

"Si hesabu ni hesabu? Mama Nerima, usijitafutie aibu. Jaza chekechea, utaingia mara moja."

Naona haya kuandika hili, lakini niliijaza. Mtu akikudharau mbele ya watu arobaini, sauti yake inakufuata mpaka mezani pako, inakushika mkono unaoandika. Nilijaza chekechea nafasi ya kwanza, tena kwa mwandiko mzuri. Jumanne asubuhi nikaiweka fomu mfukoni, nikaenda kazini.

Nafanya kazi katika kliniki ndogo ya meno pale Bukoto, ya Daktari Acen. Nachemsha koleo na vioo, naita wagonjwa, nashika taa. Nilifika hapo mara ya kwanza kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Nerima alikuwa na miezi mitano, anaharisha, ana homa, na jirani alikuwa keshaniambia kwamba ana meno ya uongo kwenye ufizi, ndiyo yanayomletea homa, na lazima yachokolewe. Jirani huyo alikuwa na bibi wa kuyachokoa. Kifaa cha bibi kilikuwa kipande cha spoku ya baiskeli. Nilikimbia na mwanangu mpaka kwa Acen. Akamfungua kinywa kwa kidole kimoja, taratibu, akanionyesha weupe mdogo chini ya ufizi: "Haya ndiyo meno yake ya kweli, bado yanalala. Ukitoa haya, mtoto ataota nini?" Akanipeleka kwa daktari wa watoto, mtoto akapona malaria yake. Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka. Kila mwezi akina mama wanatuletea watoto waliokwisha kuchokolewa, na mimi nashika taa tu.

Jumanne hiyo Acen aliiona fomu ikichungulia mfukoni mwangu. Akaivuta, akasoma.

"Chekechea? Wewe umechoka na sisi?"

Nikamweleza wastani wa Mzee Odera. Akaacha kunawa, maji yanachuruzika viwikoni.

"Ngoja. Huyo mzee amegawa?"

"Kwa nne."

"Hapa Uganda hakuna hiyo kitu ya kugawa! Nani amemuambia kugawa?"

"Ndivyo wanavyofanya Kenya, Daktari. B ni tisa, C ni sita, kisha wanatafuta alama ya wastani."

"Basi aende agawe Kenya. Lete karatasi."

Akaandika juu ya bahasha ya glovu, akiwa amesimama. Hapa, akasema, hawakuulizi kwanza umepata nini, wanakuuliza unataka kusoma nini. Kisha kila kozi inapima masomo yako kwa mizani yake. Kwenye meno, bayolojia na kemia ndizo roho, zinazidishwa kwa tatu. B ni tano, kwa hiyo kumi na tano, na kumi na tano. Fizikia inazidishwa kwa mbili: C ni nne, basi nane. Jenero pepa ni moja, inabaki moja.

"Thelathini na tisa. Sasa kidato cha nne. Ulipata nini?"

"Distinkshoni tatu, kredit tano."

"Distinkshoni ni nukta tatu kila moja, kredit nukta mbili. Moja nukta tisa. Na wewe ni mwanamke?"

"Daktari!"

"Najibu mwenyewe. Moja na nusu ya wasichana, nyongeza ya serikali." Akajumlisha. "Arobaini na mbili nukta nne. Mwaka jana wa mwisho kuingia meno alikuwa na arobaini na mbili nukta moja."

Nilisoma bahasha ile mara tatu. C ya fizikia, ile iliyochekesha mabenchi, ilikuwa imekaa pale pembeni, nane tu, haina neno.

"Mwaka huu inaweza kupanda," nikasema.

"Inaweza. Ikipanda, umekosa kwa meno. Sasa hivi unakosa kwa mabati."

Nilinunua fomu nyingine. Meno nafasi ya kwanza. Niliipeleka Alhamisi mwenyewe, na Masinde sikumwambia, maana angeenda kumuuliza Mzee.

Jumapili iliyofuata Mzee Odera alinishika mlangoni mwa kanisa. "Umejaza chekechea?"

"Nimejaza fomu, Mzee. Na Travis?"

"Travis hana haraka. A minus inajulikana mpaka mbinguni."

"Nasikia cheti cha Kenya lazima kipelekwe kwanza kikalinganishwe na vya hapa. Bila hivyo hawakipimi."

"Kilinganishwe na nini?" Akacheka kwa huruma, ile huruma ya mtu anayekupa chenji mbovu. "Mama Nerima, simba halinganishwi na paka. Watanifuata wenyewe."

Nilimwambia mara moja zaidi, kwa sababu Travis hakunikosea kitu. Akanipigapiga bega. Basi nikamwachia simba wake.

Wiki sita sikulala vizuri. Nilikuwa nikimnyonyesha Nerima huku nikijumlisha kichwani, kana kwamba nukta nne ingeongezeka nikiirudia. Halafu orodha ya waliochaguliwa ikabandikwa chuoni. Acen aliniruhusu asubuhi hiyo, akasema koleo zitajichemsha.

Kulikuwa na watu wengi ukutani, wengine wanaruka, wengine wanapiga picha kwa simu. Nilijipenyeza mpaka mbele. Udaktari wa meno ulikuwa karatasi moja tu, nyembamba. Nilianza juu. Arobaini na nane, arobaini na saba. Majina ya shule kubwa. Arobaini na nne. Hapo nikaacha kusoma pointi, nikawa nasoma majina tu. Nabangala. Nikaweka kidole kwenye jina langu ili lisiondoke. Nabangala, 42.4. Chini yangu walikuwa wawili, kisha karatasi tupu. Travis Odera hakuwepo juu wala chini. Hawakumfuata.

Nilitoka kwenye msongamano nikampigia Masinde.

"Nimeingia meno."

"Meno gani?"

"Ya chuo, baba Nerima. Niko kwenye orodha."

Nikasikia friji anayoitengeneza ikiguruma nyuma yake.

"Sasa Mzee Odera tutamwambia nini?"

Mwanamume mzima, mkewe ameingia chuo kikuu, anatafuta cha kumwambia muuza mabati.

"Mwambie hatukumuuliza," nikasema. "Mtoto amekunywa uji?"

Akakohoa kidogo, nikajua hajanywa.