Feri kwa Bei ya Chuma Chakavu

...laki nane, mthamini kasema laki nane, na Bi Hinke wa kantini ameshika jagi juu ya kikombe cha Wybren, "Maziwa?", laki nane yuro kwa feri nzima, kwa uzito wake, chuma chakavu, na benki peke yake inadai milioni sita, basi benki itakomba zote, na waliobaki watatoka mikono mitupu, waliobaki ndio hawa ukumbini, wachomeleaji na wajane walioikopesha karakana hii ya meli iliyofilisika akiba zao, na Jeltje, dada yake, aliyeuza nyumba ya mama yao kule Makkum kwa sababu Wybren alimwambia weka pesa, hii feri naijenga mwenyewe... "Kaka, si ina usukani, ina viti?" Jeltje ananong'ona, "nani kamwambia huyu bwana ni chuma?"... nani, jamani, Jumanne ile mthamini alipanda sitahani na daftari lake, akauliza, "Fundi mkuu, bado wiki ngapi?", na yeye, na maringo yake ya miaka thelathini, akamjibu kama baba yao alivyowajibu matajiri wote, "Mimi siahidi meli ambayo haijagusa maji," akajiona mwanamume kwelikweli, na yule akaandika mstari mmoja, haijulikani itakwisha lini, na meli ya namna hiyo haipewi bei ya feri, inapimwa kwa mizani, ingekuwa na tarehe ingefika milioni kumi na moja, kasema mwenyewe sasa hivi, benki ichukue sita zake, Jeltje apate chake chote... tarehe tu... nyaya wiki tatu, mabomba mbili, rangi mbili, majaribio mbili, tisa, Mungu wangu, wiki tisa, alikuwa anazijua, angeinua mkono aseme, lakini mnunuzi wa vyuma ameshasaini asubuhi... "Usijilaumu, wewe ulijenga vizuri," anasema Jeltje, na biskuti yake, ile moja kila mtu aliyopewa kabla mkebe haujafungwa, anaiweka kwenye kisahani cha Wybren, kama alivyofanya utotoni Wybren akilia, laiti angemtukana... hatamwambia, leo wala kesho, atakula kwake Jumapili zote na hatamwambia... "Wybren, we! Mkono unaniuma, maziwa?", wiki tisa, anataka kusema, wiki tisa tu, "Kidogo," anasema.