Chungu Kilicholala Ubavu

Walimwita Bisibisi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Siku ya kwanza kukanyaga kwa wakwe zake, watu wamekaa kwa heshima zao, yeye macho yote yako juu ya feni ya sebuleni iliyokuwa ikikoroma. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akauliza kama kuna bisibisi mle ndani. Bwana harusi mtarajiwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mama mkwe, mkunga mstaafu mwenye mikono mikubwa na maneno machache, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mpeni," akasema. "Nyumba hii imejaa watu wasiouliza kitu."

Basi wakaishi nyumba moja, mwaka wa pili huo. Bisibisi alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza redio, mume alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo, na mama alibaki nyumbani na maua yake. Walipendana, mkwe na mkwewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu watu wanaopendana sana hufichana vitu vidogo wasije wakatiana wasiwasi.

Uani, chini ya dirisha la jiko, kilikaa chungu cha maua ya kala. Si zile kala nyeupe zinazoota kando ya mitaro. Hii ilikuwa ya zambarau nzito, karibu na weusi, ua zima limejikunja kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Mama alipewa kiazi chake na mwanamke aliyemzalisha mapacha, naye akakitunza miaka kumi na moja. Msimu ule maua yalikuwa yamekwisha, na majani yameanza kupiga manjano.

Asubuhi moja, kabla ya kwenda kibandani, Bisibisi akakikuta chungu kimelala ubavu.

"Ala! Paka wa jirani huyo," akasema. Akakisimamisha, akashindilia udongo, akakimiminia kopo zima la maji kwa kukionea huruma, akaenda zake. Kwa mama hakusema kitu. Ya nini kumpandisha presha mtu mzima kwa ajili ya paka?

Kesho yake kimelala tena. Kesho kutwa, vilevile. Bisibisi akawa anakisimamisha na kukinywesha kila asubuhi, na majani ndiyo kwanza yanazidi kunyauka, basi naye akaongeza maji. Wiki ya tatu akaegemeza jiwe zito ubavuni mwa chungu. Asubuhi akakuta chungu kimelala, na jiwe limewekwa vizuri kando ya ukuta.

Akachuchumaa akalitazama lile jiwe. Paka gani huyu anayepanga mawe?

Hapo udadisi ukampanda kichwani. Usingizi ukapungua, redio za watu akawa anazifunga na skrubu zimebaki mezani. Asubuhi iliyofuata akanyunyiza unga kidogo kuzunguka chungu, kama vumbi tu, akaenda kazini. Saa sita akashindwa kukaa, akajiambia avumilie. Saa kumi na moja akafunga kibanda, akapita mlango wa uani moja kwa moja.

Chungu kimelala. Na kwenye unga, wazi kabisa, nyayo za kandambili. Ya kushoto ilikuwa na kiraka kisiginoni. Kiraka hicho alikijua vizuri, maana alikigundisha yeye mwenyewe.

Lo! Kikulacho ki nguoni mwako. Mama? Mama anakiangusha chungu chake mwenyewe? Kwa nini? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na Bisibisi alikuwa mtu wa kuuliza. Akaingia ndani mbiombio na swali lake mdomoni.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa nusu wazi. Sanduku liko kitandani, nguo zimekunjwa ndani yake. Mama ameketi kando, simu ameiweka sauti ya juu, anaongea na binti yake, wifi yake Bisibisi, anayeishi mji mwingine.

"Njoo unichukue Jumamosi," mama alikuwa akisema. "Kichwa kinanihama, mwanangu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Kila alasiri nakilaza chungu changu. Nakumbuka nimekilaza kwa mikono yangu hii. Kesho yake alasiri nakikuta kimesimama, tena kimelowa chapachapa. Nilimuuliza kaka yako, akasema hajakigusa, labda nimesahau. Leo nimekuta mpaka unga, sijui niliumwaga lini. Bibi yako alianza hivihivi. Mwisho akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani."

"Na mkweo, umemuuliza?"

Mama akakunja kanga moja zaidi. "Huyo sitaki ajue. Ananiona mtu mwenye akili zangu. Nataka niondoke hali bado ananiona hivyo."

Pale mlangoni Bisibisi akaelewa yote. Wiki tatu yeye anacheza mchezo wa paka na panya, kumbe mwenzake anajizika mzima mzima. Angeweza kurudi nyuma kimyakimya, asikiguse tena kile chungu, na aibu yake ikabaki siri. Lakini sanduku lile pale, na Jumamosi ni keshokutwa.

"Hodi, mama," akasema, akausukuma mlango. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ninayekisimamisha chungu. Kila asubuhi. Na maji ni mimi. Nilidhani paka wa jirani anakiangusha, nikaogopa kukusumbua. Nisamehe, mama."

Mama alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta uongo wa huruma usoni mwake.

"Na jiwe?"

"Langu."

"Unga?"

"Nilitaka kuona nyayo."

"Kwa hiyo Jumatatu nilikilaza?"

"Ulikilaza, mama."

"Na Jumanne?"

"Jumanne pia. Ukaliondoa jiwe, ukaliweka ukutani."

"Niliweka ukutani," mama akarudia polepole. "Nilijua niliweka ukutani!" Akajifunika uso kwa ile mikono yake mikubwa akalia, akalia kwelikweli. Kisha akanyoosha mkono akamtandika Bisibisi kofi la bega. "Mshenzi wewe! Wiki tatu nzima unanifanya mwehu!" Na hapo kicheko kikamtoka pamoja na machozi, huku simu pale kitandani inaita, "Mama? Haloo? Mama, kuna nini huko?"

Wakatoka uani pamoja, wakakipindua chungu juu ya gunia. Harufu iliwafanya wote wawili warudi nyuma. Wema hauozi, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kumwagilia kiazi cha kala kilicholala.

"Zile nyeupe za mitaroni hunywa maji mwaka mzima," mama akasema. "Hii ya rangi ikishachanua inataka kulala. Majani yakigeuka manjano unapunguza maji, halafu unaacha kabisa. Namlaza ubavu ili mvua isimwingie na mtu asimnyweshe. Nimezalisha wanawake miaka thelathini, mwanangu. Kazi ngumu haikuwa mtoto. Kazi ilikuwa kuwazuia ndugu wasimsaidie mzazi."

Bisibisi alikuwa akipekua ule uozo kwa vidole, machozi yanamlengalenga. Chini kabisa kikabaki kipande kigumu, kisichozidi dole gumba, chenye jicho moja. Mama akakikata kikasafika, akakipaka majivu.

"Nenda kanawe, utomvu wake unawasha," akasema. "Hiki kitatosha."

Jumamosi wifi alikuja, akala, akacheka mpaka akapaliwa, akaondoka peke yake.

Kipande kilipokauka wakakifukia kwenye udongo mkavu, na mama akakilaza chungu. Tangu hapo kila asubuhi Bisibisi hupita pale mikono ameifungia mifukoni, maana inamwasha kwa hamu ya kukifukua aone kama jicho limefunguka. Na kila alasiri mama hutoka na kandambili zake, husimama mbele ya chungu kile kisicho na kitu cha kutazama, akakitazama.

"Kipo palepale nilipokiweka," husema, kisha hurudi ndani.