Maumivu Yasiyo na Kikohozi

Wodini walimwita Sikio. Miaka ile kifua kikuu kilipokuwa kikimaliza wagonjwa wa ukimwi, muuguzi huyu alikuwa akimsikia mtu akikohoa mlangoni tu, anajua kilichomleta. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Mwezi ule wagonjwa wawili walikuja bila kikohozi, wanalalamikia kichwa. Wote walitibiwa malaria, wote wakazikwa. Jambo hilo lilimkaa rohoni.

Kwa hiyo fundi cherehani alipoletwa na kaka yake asubuhi moja, ameshika kichwa kwa mikono miwili, hataki hata kuuona mwanga wa dirishani, Sikio aliingiwa na baridi.

"Malaria hiyo, dada," kaka mtu alisema. "Mchome sindano tuondoke."

Sikio alimtuma kaka mtu mapokezi kuchukua faili, kisha akamwinamia mgonjwa, aliyemfahamu tangu kliniki ya ukimwi. "Mdogo wangu, dawa zako za virusi unameza?"

Fundi alishusha sauti. "Nilinenepa, nikajiona nimepona. Niliacha mwaka jana. Kaka hajui kitu."

Sikio alikwenda moja kwa moja kwa daktari. "Apimwe maji ya uti wa mgongo. Leo."

"Shingo yake haijakakamaa, na homa hana," daktari alisema baada ya kumkagua.

"Hata wale wawili hawakuwa na homa."

Daktari alimtazama kidogo, akachukua glavu.

Kaka mtu aliporudi na kuiona sindano ndefu, alisimama katikati ya chumba. "Hiyo inapoozesha watu. Hamumgusi."

"Kaka, toka," fundi alisema, macho yamefumbwa. "Mgongo ni wangu."

Maji yalitoka kwa kasi, kama bomba lililokuwa limezibwa. Kipimo kilichukua dakika kumi, na Sikio alizingoja zote amesimama. Mistari ikawa miwili: fangasi walikuwa wameshaufikia utando wa ubongo.

Wiki mbili za dripu zilifuata, na mgongo ukatobolewa mara nne zaidi kupunguza shinikizo kichwani. Fundi alipona, ila jicho la kushoto likabaki na ukungu. Siku moja alimweleza kaka yake yote, yeye mwenyewe.

Wiki ya tano fundi aliporudishiwa dawa zake, kaka aliuliza, "Unameza saa ngapi?"

"Saa mbili usiku."

"Nitakuwa nakupigia."

"Ujiwekee kengele ya saa moja," fundi alisema. "Wewe kila kitu unachelewa."